Bekari ya Kikolombia mtaani kwako: saa ya kwenda, cha kuagiza, na namna ya kuoka pandebono nyumbani

Ukiingia bekari ya Kikolombia, mikate ya kununua kwanza ni ile isiyo na ngano wala hamira. Hutengenezwa kwa wanga wa muhogo na jibini, huumuka ndani ya robo saa tanurini, na utamu wake hupungua upesi baada ya nusu saa. Wengi wanaosema hawakuipenda walikula iliyolala kabatini tangu asubuhi.

Kama unaishi Jackson Heights au Elmhurst huko Queens, New York, huna haja ya kutafuta sana: tembea barabara ya Roosevelt chini ya reli ya treni namba 7. Wakolombia ni wengi pia Elizabeth katika New Jersey, East Boston, Kendall na Doral pembeni ya Miami, na London maeneo ya Elephant and Castle na Seven Sisters. Uliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, ruka hadi sehemu ya kuoka.

Saa ya kwenda

Kuna nyakati mbili nzuri. Ya kwanza ni asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, watu wanapopita kununua kifungua kinywa. Ya pili ni jioni, saa kumi hadi saa kumi na moja, wakati wa "onces", kitafunwa cha alasiri ambacho watu wa Bogotá hawakiachi. Nyakati hizo trei hutoka moja baada ya nyingine. Saa saba hadi saa tisa mchana ni wakati mbaya: kilichopo kabatini ni mabaki ya asubuhi yanayopashwa na taa.

Angalia kwanza kabla ya kuagiza. Bekari inayooka yenyewe utaona trei zinaletwa kutoka nyuma, na kabatini pandebono hazijajaa sana kwa sababu zinaondoka. Pandebono yenye ngozi iliyokunjamana na iliyobonyea katikati imeshapoa na kupashwa tena. Usiichukue hata kama ndiyo iliyobaki. Kunywa kahawa, subiri trei inayofuata.

Kuagiza

Salimia kwanza. Mkolombia anayeuza anategemea "buenos días" au "buenas tardes" kabla ya neno lolote lingine, na hapo Mswahili yuko nyumbani. Swali linalokusaidia kuliko yote ni "¿Qué hay calientico?", kuna nini cha moto? Muuzaji atakuonyesha trei iliyotoka sasa hivi. Halafu unasema "me regala dos pandebonos, por favor". Usishangae kusikia watu wakiomba "wazawadiwe". Ndivyo wanavyoagiza, na kila mtu analipa. Yeye atajibu "a la orden", yaani karibu, nikuhudumie.

Sehemu nyingi unakaa, unakula, kisha unakwenda kaunta ya malipo na kutaja ulichokula. Ukinunua dazeni nzima unaweza kutiwa kipande cha ziada mfukoni. Hiyo ni "ñapa", nyongeza. Huombwa na wateja wa siku zote. Mgeni huipokea tu na kushukuru.

Kabati la vioo, na kilichomo

Anza na jamii ya muhogo na jibini, kwa sababu hiyo ndiyo huipati kwingine, na kwa sababu vitu vinne vyake hufanana machoni.

Pandebono ni ya Valle del Cauca, mkoa ambao mji wake mkuu ni Cali. Ina wanga mchachu wa muhogo, unga kidogo wa mahindi yaliyopikwa tayari, jibini la chumvi, yai na sukari kidogo. Huja kama pete au kama donge lililobapa. Ngozi yake ni nyembamba na ndani inavutika. Pan de yuca haina mahindi. Mara nyingi imepindwa kama mwezi mchanga, ni nyepesi zaidi, na ndiyo hukauka upesi kuliko zote. Almojábana hutegemea mahindi na "cuajada", maziwa mabichi yaliyogandishwa yasiyo na chumvi nyingi. Ni laini, nzito kidogo, ina uchachu wa mbali, na huvumilia kukaa saa mbili tatu. Soacha, karibu na Bogotá, na La Paz katika mkoa wa Cesar ni miji inayosifika kwa almojábana. Buñuelo ndiyo pekee inayokaangwa: duara kamili, rangi ya kahawia ya dhahabu, jibini ndani. Ukubwa wake na umbo lake vinakumbusha kaimati iliyonenepa, ila haina shira, ina chumvi.

Ukishindwa kutofautisha, vunja katikati. Pandebono inavutika na kuacha matundu makubwa. Almojábana inakatika kwa chembe. Pan de yuca ina uwazi ndani, karibu tupu.

Mikate ya ngano ni mingi na siyo yote inayohitaji safari. Inayostahili ni roscón, pete kubwa laini iliyonyunyiziwa sukari na kujazwa ama "bocadillo" ama "arequipe". Bocadillo ni mapera yaliyopikwa na sukari hadi yakawa kigae kinachokatika kwa kisu. Ule wa Vélez, mkoani Santander, hufungwa kwa jani la bijao. Arequipe ni maziwa na sukari vilivyochemshwa polepole mpaka vikawa vizito na kahawia. Pastel gloria ina hivyo ndani ya maandazi ya tabaka tabaka, mara nyingi na kipande cha jibini, na kwa maoni yetu hii ndiyo tamu bora kabatini. Mogolla ni mkate mdogo wa ngano isiyokobolewa kabisa, mzuri kwa mchuzi. Keki na milhojas (tabaka nyembamba za ngano zenye krimu katikati) unaweza kuziacha kwa siku nyingine.

Upande wa vitu vya chumvi, empanada ya Kikolombia si ile ya ngano inayookwa ya Argentina. Ganda lake ni la mahindi ya njano, linakaangwa hadi likauke na kulia mdomoni, na ndani kuna nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa na viazi. Ng'ata ncha moja, kisha mwagia "ají" kwa kijiko kupitia tundu hilo kila unapong'ata. Ají ni kachumbari nyepesi ya giligilani, kitunguu cha majani, nyanya, siki na pilipili. Huwekwa pembeni kwa sababu chakula chenyewe hakina ukali. Pastel de yuca na carimañola zote ni muhogo uliopondwa, ukajazwa nyama au jibini na kukaangwa. Carimañola ni ya pwani ya Karibi na ina umbo refu lenye ncha mbili. Arepa de chócolo ni mahindi mabichi matamu yaliyosagwa na kuokwa kwenye chuma, inaliwa na jibini jeupe juu yake.

Vinywaji

"Tinto" hapa ni kahawa nyeusi ya kikombe kidogo, si divai. Kwa maziwa kidogo, watu wa Bogotá huita "perico". Chokoleti ya moto huletwa na kipande cha jibini: kikate vipande, vitumbukize kikombeni, subiri dakika moja vilainike, uvile kwa kijiko ukiwa unakunywa. Jibini linalofaa ni lile laini lisilo na chumvi nyingi. La chumvi huharibu kikombe. Aguapanela ni maji yaliyochemshwa na panela, ambayo kwetu ni sukari guru, hunywewa ya moto na jibini au ya baridi na ndimu. Avena ni uji mwembamba wa oti na maziwa uliopoozwa, wenye mdalasini.

Juisi utaulizwa "en agua o en leche", kwa maji au kwa maziwa. Guanábana ni stafeli. Ichukue kwa maziwa. Maracuyá ni pasheni, na lulo ni tunda chachu la milima ya Andes, la kijani ndani. Hizo chukua kwa maji kwanza, kwani uchachu wake unaonekana vizuri zaidi. Tomate de árbol ni lile tunda ambalo Kenya huitwa matunda damu, na Wanyarwanda wanalijua vilevile.

Kwa watu wawili wa mara ya kwanza, agiza hivi: pandebono mbili, almojábana moja, buñuelo moja, empanada mbili, pastel gloria moja ya kugawana, tinto moja na chokoleti moja. Inatosha, na mtajua cha kurudia.

Kwa asiyekula nguruwe wala kilevi

Pandebono, pan de yuca na buñuelo kwa kawaida hazina nyama. Lakini uliza mambo mawili. La kwanza ni mafuta: baadhi ya mikate ya ngano huwekwa mafuta ya nguruwe. Sema "¿Lleva manteca de cerdo?" La pili ni karai: empanada ya ng'ombe inaweza kukaangwa kwenye mafuta yale yale ya chicharrón, ngozi ya nguruwe. Uliza "¿Lo fríen en el mismo aceite del chicharrón?" Mogolla chicharrona ina nguruwe ndani, usiichanganye na mogolla ya kawaida. Torta negra, keki nyeusi ya harusi na Krismasi, huwa na divai au ramu. Na kwa asiyeweza ngano: mapishi ya pandebono hayana ngano, ila yanatoka kwenye meza na oveni inayojaa unga wa ngano. Kama hali yako ni ya kiafya, oka mwenyewe.

Desemba

Kuanzia tarehe 7 Desemba, usiku wa mishumaa, hadi Krismasi, buñuelo huongoza kila kitu. Kati ya tarehe 16 na 24 familia hukutana kila jioni kwa sala ya novena, na mezani huwepo buñuelo na natilla, uji mzito wa maziwa, panela na wanga wa mahindi uliogandishwa na kukatwa vipande. Tarehe 24 foleni hufika nje. Agiza siku mbili kabla, na uliza saa ya kukaangwa, maana saa ya kufungua duka haikusaidii.

Kuoka pandebono nyumbani

Kila kitu kinasimama au kuanguka kwenye wanga. Unahitaji "almidón agrio", wanga mchachu wa muhogo, na si unga wa muhogo wa ugali. Unga wa ugali ni mzizi mzima uliokaushwa na kusagwa, una nyuzi, na utakupa donge zito lisiloumuka. Wanga ni ule mweupe unaotuama chini ya maji baada ya muhogo kukunwa na kuoshwa juu ya kitambaa. Kaskazini mwa mkoa wa Cauca kuna viwanda vidogo viitwavyo rallanderías vinavyouacha wanga huo uchachuke kwenye matangi kwa siku 20 hadi 30, kisha huanikwa juani. Jua si la kukausha tu. Uchachu pamoja na miale ya jua hubadilisha minyororo ya wanga, ndiyo maana donge linavutika mvuke unapotanuka ndani yake. Wanga uliochachuka ukakaushwa ndani ya nyumba hauumuki vivyo hivyo.

Maduka ya Kilatini huuza mfuko ulioandikwa "almidón agrio de yuca". Ule wa Brazili ulioandikwa "polvilho azedo" unafaa vilevile. Ukipata wanga wa kawaida wa muhogo tu, usio mchachu, tumia huo na uongeze nusu kijiko cha chai cha beking pauda. Mkate utakuwa mtamu, lakini mzito zaidi na wenye kunata.

Kwa vipande 13 au 14:

- Wanga mchachu wa muhogo, gramu 250
- Unga wa mahindi yaliyopikwa tayari, ule wa kutengenezea arepa, gramu 60
- Jibini la queso costeño (jeupe, la chumvi, la pwani ya Kolombia) gramu 400. Au feta gramu 200 na mozarela ngumu gramu 200
- Yai 1
- Sukari vijiko 2 vya chakula
- Maziwa vijiko 2 hadi 4 vya chakula, kadiri donge linavyohitaji

Chumvi usiongeze, jibini linayo. Kama queso costeño ni kali mno, ikate vipande, iloweke maji baridi nusu saa, ikaushe kabisa kwa kitambaa. Feta ichujwe maji yake, la sivyo hutajua umeweka maji kiasi gani. Unga wa mahindi usiwe wa ugali: huo ni mbichi, utabaki na chembe za mchanga mdomoni.

Washa oveni nyuzi 230 za Selsiasi na uiache dakika 20 zaidi baada ya taa kuzima, ili kuta zake zishike moto. Mkate huu huinuliwa na moto wa ghafla. Oveni vuguvugu haina tiba nyingine.

Jibini likune kwa upande mdogo kabisa wa kikunio. Vipande vikubwa vitayeyuka na kutoboa ganda. Changanya na wanga, unga wa mahindi na sukari, ukisugua kwa vidole hadi ionekane kama mchanga mnyevu. Weka yai, kanda. Ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja. Mwanzoni donge litaonekana kavu na utatamani kumimina zaidi. Ngoja, kanda dakika tano, mafuta ya jibini yatatoka na kulilainisha. Liko tayari ukibana kipande kati ya viganja na kingo zake zisipasuke.

Pima gramu 60 kila kimoja. Viringisha kuwa duara, au kamba nene ya sentimita 15 uunganishe ncha kuwa pete. Pete huiva sawasawa zaidi, na kwa anayeanza ndiyo tunayopendekeza. Panga kwenye karatasi ya kuokea, sentimita nne kati ya kimoja na kingine, na uingize oveni papo hapo. Usilifunike wala kulipumzisha kama donge la ngano: hakuna hamira ya kusubiri, na wanga unaendelea kunywa maji hadi donge likauke na kupasuka.

Oka dakika 15 hadi 18. Dakika kumi za kwanza mlango usifunguliwe. Toa zikiwa na madoa ya dhahabu juu, na chini rangi ya biskuti.

Kinachoharibika

Zikisambaa kama chapati, donge lilikuwa na maji mengi au oveni ilikuwa baridi. Kwa trei inayofuata, ongeza wanga vijiko viwili na usubiri oveni.

Zikiumuka kisha zikabonyea baada ya kutoka, zimetolewa mapema. Ganda lilikuwa halijakauka kubeba uwazi wa ndani. Ongeza dakika mbili, na ukitaka, zima oveni uache mlango wazi kidogo kwa dakika mbili nyingine.

Zikiwa na utelezi mbichi katikati na nje zimeungua, vipande ni vikubwa mno. Zikiwa ngumu kama jiwe, ulipunguza jibini. Watu hufanya hivyo kwa bei yake, lakini jibini ndilo linaloleta mafuta, na uzito wake lazima uzidi wa wanga.

Zikishapoa na kuwa kama mpira, hukukosea chochote: wanga wa muhogo uliopikwa hujikaza unapopoa. Nyunyizia matone ya maji, rudisha oveni ya nyuzi 180 kwa dakika tano, au weka kwenye kikaango kilichofunikwa, moto mdogo. Maikrowevu hulainisha kwa dakika moja kisha hukaza kuliko mwanzo.

Buñuelo, kwa ufupi

Jibini lile lile gramu 300, lililokunwa laini sana, wanga wa mahindi (ule mweupe wa kufanya mchuzi uwe mzito) gramu 100, wanga wa muhogo gramu 40, yai 1, sukari kijiko 1 cha chakula, beking pauda nusu kijiko cha chai, maziwa kijiko 1 au 2. Kanda, viringisha vidonge vya gramu 35, visiwe na ufa hata mmoja. Ufa au pengo la hewa ndilo linalofanya buñuelo ipasuke ndani ya mafuta, na mafuta hayo huruka, kwa hiyo watoto wakae mbali na jiko.

Mafuta yawe na kina cha kuelea, nyuzi 150. Huna kipimajoto? Tumbukiza kipande kidogo: kizame, kikae chini kidogo, kisha kielee juu chenyewe. Kikipanda mara moja, moto ni mkali na nje itaiva ndani mbichi. Kikibaki chini, mafuta yataingia ndani. Buñuelo zikishaelea ongeza moto kidogo. Zitaanza kujigeuza zenyewe, hiyo ndiyo dalili kwamba zinatanuka sawasawa. Dakika 10 hadi 14 kwa jumla. Usijaze sufuria, kwani kila kidonge kinahitaji nafasi ya kuzunguka.

Kuweka akiba

Pandebono mbichi hugandishwa vizuri sana. Zitengeneze, zipange kwenye trei ndani ya friza kwa saa mbili hadi zishike, kisha zitie kwenye mfuko na uondoe hewa. Ndani ya mwezi mmoja zinabaki na ubora wake. Zioke zikiwa bado zimeganda, ukiongeza dakika nne au tano. Ukiziacha ziyeyuke kwanza hutoa maji na kusambaa. Bekari nyingi huuza mifuko ya namna hii kwenye friza yao pembeni mwa kaunta, na kwa mtu asiyepata almidón agrio hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kujaribu.